Kizibo cha kaakaa baada ya upasuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu walioondolewa sehemu ya kaakaa au taya la juu, wanaoziba tundu lililobaki kwa kizibo, kifaa kinachofanana na meno ya bandia, na kwa ndugu wanaowauguza. Mengi huulizwa kliniki wakati upasuaji umeshapita. Heri yangeulizwa mapema, kwa sababu kazi kubwa ya kumrudishia mgonjwa kula na kusema huamuliwa kabla kisu hakijagusa mdomo.

Kaakaa likiondolewa, kinachopotea hasa ni nini?

Kaakaa ndilo linalotenganisha mdomo na pua. Upande wa mbele ni gumu kwa kuwa lina mfupa ndani. Upande wa nyuma, unaoishia kwenye kilimi, ni misuli mitupu: huinuka na kufunga njia ya puani kila unapomeza na unapotamka karibu sauti zote. Likitobolewa, mdomo na pua huwa chumba kimoja. Maji unayokunywa hutokea puani. Ulimi hukosa mahali pa kukandamizia chakula. Meno ya upande ule yameondoka pamoja na mfupa wake, na shavu, likikosa wa kulishikilia, huingia ndani.

Usemi nao huharibika kwa namna inayoeleweka. Ili utamke p, b, t, d au s, hewa lazima ijazane mdomoni kwanza. Hewa ikitorokea puani, sauti hizo hulegea, na “baba” husikika kama “mama”. Sauti za m, n na ng’ haziathiriki sana kwa sababu tangu hapo njia yake ni pua. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kueleweka vizuri kwenye neno hili na asieleweke kabisa kwenye linalofuata, na jamaa wakadhani amechoka au hajitahidi.

Ni magonjwa gani hufikisha mtu kwenye upasuaji huu?

Saratani ya kaakaa, ya fizi za juu au ya uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, kando ya pua. Uvimbe wa tezi ndogo za mate zilizotapakaa kaakaani. Uvimbe kama ameloblastoma, ambao si saratani lakini hutafuna mfupa. Maambukizi makali ya fangasi ya mukomaikosisi, hasa kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Na majeraha ya risasi au ajali. Chanzo hubadilisha matibabu mengine. Kizibo hutengenezwa kwa misingi ileile.

Kizibo chenyewe kikoje?

Ukikitazama kwa juujuu utadhani ni meno ya bandia ya kawaida: bamba linalofunika kaakaa, lina meno, na lina vishikizi vya chuma vinavyokumbatia meno yako yaliyobaki. Tofauti iko upande wa juu, ambako bamba huota kinundu kinachoingia ndani ya tundu na kulijaza kwa umbo lake hasa. Kinundu hicho hutobolewa ndani kiwe na uwazi, maana kikiwa kigumu hadi ndani, kizibo chote huwa kizito na huvuta meno yanayokishikilia hadi yalegee. Bamba huwa la akriliki, yaani plastiki ngumu ya meno ya bandia, au fremu nyembamba ya chuma cha kobalti-kromu iliyovikwa akriliki. Madaktari wengi hukiita obturata.

Nimwone lini daktari wa meno bandia?

Kabla ya upasuaji. Ukipata nafasi ya kusisitiza jambo moja tu mbele ya madaktari wako, sisitiza hili.

Katika kikao hicho daktari huchukua umbo la mdomo wako ungali mzima, kisha hutengeneza sanamu ya plasta. Daktari wa upasuaji huchora juu ya sanamu mahali anapotarajia kukata, na kizibo cha kwanza hutengenezwa kwa kufuata mchoro huo. Lakini faida kubwa zaidi ni mazungumzo ya wawili hao. Usalama wa ukingo wa ugonjwa hauna mjadala: kinachopaswa kuondoka kitaondoka. Ndani ya mipaka hiyo, hata hivyo, yako mambo madogo yanayobadilisha maisha ya baadaye. Kisu kikipita katikati ya shimo la jino lililong’olewa, badala ya kupita kwenye ufa kati ya meno mawili, jino la ukingoni hubaki na mfupa wa kulizunguka na linaweza kushikilia kizibo kwa miaka. Ukuta wa ndani wa shavu ukipandikizwa ngozi nyembamba, jeraha halisinyai sana, na mahali ngozi hiyo inapokutana na utando wa shavu panatokea mkanda wa kovu ambao kizibo huukalia na kujishikiza. Kipande cha kaakaa gumu kinachoweza kuachwa bila hatari ni hazina, na vivyo hivyo jino la mbali upande wa pili ambalo mtu angeliona halina maana.

Kama utapewa mionzi, kikao hichohicho hutumika kukagua meno yote. Jino bovu lisilo na matumaini ling’olewe mapema, walau wiki mbili kabla ya mionzi kuanza, ili fizi ipone kwanza.

Kwa nini naambiwa nitatengenezewa vizibo vitatu? Si wanipe kile cha mwisho mara moja?

Kwa sababu tundu unaloamka nalo si tundu utakaloishi nalo.

Cha kwanza huwekwa ungali mezani kwenye chumba cha upasuaji. Hufungwa kwa waya, skrubu au vishikizi, na kazi yake ni kushikilia shashi zilizojazwa kwenye jeraha, kulikinga na chakula, na kukuwezesha kumeza na kusema ukizinduka. Wengi huepuka mpira wa kulishia puani kwa sababu yake, au huutumia muda mfupi. Hukaa bila kuguswa kwa takriban siku 5 hadi 10, kisha daktari hukitoa pamoja na shashi.

Hapo huja cha pili, cha mpito. Hiki unakitoa na kukirudisha mwenyewe. Uvimbe unashuka na kovu linavuta, kwa hiyo daktari hukiongezea au kukipunguzia utomvu laini, yaani ute unaoganda kwa umbo la tundu, kila baada ya wiki moja au mbili. Safari hizi huchosha, na wapo wanaoziacha wakiona “kinakaa tu”. Ndipo kinapoanza kuvuja.

Cha kudumu huanza kutengenezwa jeraha likishatulia, kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6, na zaidi ya hapo ikiwa mionzi imetumika. Ukikiharakisha, utakuwa umekipima kwa mdomo ambao baada ya muda mfupi hautakuwapo.

Siku shashi zinapotolewa nitarajie nini?

Harufu, damu kidogo, na mshtuko. Usijitazame kwenye kioo peke yako siku hiyo. Acha daktari au muuguzi akuoneshe na kukueleza unachokiona. Wapo wanaotaka kutazama mara moja na wapo wanaohitaji wiki kadhaa, na wote wako sawa. Ila mwishowe itabidi ulifahamu tundu hilo, kwa kuwa ni wewe utakayelisafisha.

Kuchukua umbo la mdomo kunauma? Kile kitu hakiwezi kukwama ndani?

Hofu ya kukwama ina msingi, na daktari anaijua. Kabla ya kuingiza utomvu wa kuchukulia umbo, huziba vishimo vya ndani kwa shashi iliyopakwa vaselini ili usipenye kwenda juu puani. Maumivu huwa machache ikiwa jeraha limepona. Kinachosumbua ni kichefuchefu na kuhisi pumzi inabanwa. Ukae wima, upumue polepole, na mkubaliane ishara ya mkono ya kusema “simama”.

Tundu likifika kwenye kaakaa laini utaombwa ugeuze shingo kulia na kushoto, uinamishe kidevu, umeze na useme, wakati utomvu ungali laini. Si mchezo. Sehemu hiyo inacheza kila unaposema, na kizibo lazima kiumbwe kwa kufuata mchezo wake.

Mbona maji bado yanatoka puani wakati kizibo ninacho?

Hili ndilo linaloulizwa zaidi, na majibu yake hutofautiana kwa kila tundu.

Anza na siku za mwanzo: kuvuja kidogo kwenye kizibo cha mpito ni kawaida, kwa sababu kovu linasogea haraka kuliko marekebisho. Baada ya hapo, tazama ukaaji wako. Ukinywa ukiwa umeinama mbele, au ukimeza mafunda makubwa, hata kizibo kizuri huvujisha. Kaa wima, meza kidogokidogo, weka chakula upande wenye meno yako mwenyewe. Anza na vyakula laini vinavyoshikamana. Vya majimaji matupu na vya chengachenga ndivyo vigumu zaidi. Kutafuna upande wa tundu hukiinua kizibo kama ubao wa pembea, na upande wa pili hufunguka.

Ikiwa mambo hayo umeyazingatia na bado yanavuja, rudi kliniki. Usizoee. Nimeona watu wakijifundisha kula kwa kujificha, kitambaa mkononi, mwaka mzima, wakati walichohitaji ni kuongezwa utomvu ukingoni kwa kikao kimoja. Mwambie daktari inavuja ukimeza au ukisema, upande gani, na kama ni maji tu au hata chakula kigumu. Maelezo hayo humwelekeza pa kutazama. Uvujaji wa ghafla kwenye kizibo kilichokuwa kizuri ni habari nyingine: pengine kishikizi kimelegea, pengine jino limekufa, pengine kuna kitu kinachoota tundani. Huo usingojee tarehe ya miadi.

Kizibo cha kaakaa laini nacho hufanya kazi vivyo hivyo?

Hapana. Kaakaa gumu halisogei, kwa hiyo ukilijaza barabara umemaliza. Kaakaa laini hufunga na kufungua. Kizibo chake huwa na mkia unaopita nyuma na kuishia kwenye kinundu kilichosimama katikati ya njia ya puani. Ukiwa umetulia lazima pabaki nafasi pembeni yake, upumue kwa pua na makamasi yashuke. Ukimeza au kusema, kuta za koo husogea na kukikumbatia. Kikiwa kikubwa mno utakoroma, utashindwa kupumua kwa pua na koo litachubuka. Kikiwa kidogo utaendelea kusemea puani. Kukipata kipimo huchukua vikao kadhaa, na mtaalamu wa matamshi akiwepo kazi huwa nyepesi.

Sauti yangu itarudi kama zamani?

Kwa tundu la kaakaa gumu, wengi hushangaa: ukikivaa tu, maneno yananyooka papo hapo. Kwa kaakaa laini au tundu kubwa, matokeo ni mazuri ila hayaji siku moja. Mazoezi husaidia. Soma kwa sauti dakika chache kila siku, ukichagua maneno yenye p, b, t, k na s, na umwombe mtu asiyekuona usoni akwambie alichosikia. Wanaokuzoea nyumbani ni waamuzi wabaya, wameshajifunza kukuelewa.

Mdomo wangu haufunguki vizuri. Utafunguka wenyewe?

Mara nyingi haufunguki wenyewe, huzidi kukaza. Kovu la upasuaji huvuta misuli ya kutafunia, na mionzi huigeuza kuwa migumu zaidi, wakati mwingine miezi mingi baada ya matibabu kwisha. Uwazi wa chini ya milimita 35 kati ya meno ya juu na ya chini huhesabiwa kuwa taya limekaza. Kwa mgonjwa wa kizibo hili lina uzito wa pekee: kizibo kina kimo, na kisipopita mlangoni hakina faida.

Mazoezi huanza mara daktari anaporuhusu. Fungua hadi unapohisi kuvutwa, shikilia, achia, rudia, mara kadhaa kwa siku. Wengine hutumia vijiti bapa vya kukandamizia ulimi, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, wakiongeza kimoja mara wanapomudu idadi ya kwanza. Kuvutwa kunaruhusiwa, maumivu makali ni dalili ya kupunguza. Na ukiacha kwa wiki kadhaa, ulichokipata hupungua.

Sina jino hata moja juu. Kizibo kitashikwa na nini?

Hapa kazi ni ngumu, na asikudanganye mtu. Meno ya bandia ya kawaida hunata kwa mvuto wa hewa na mate. Tundu likiwepo, mvuto huo huvunjika. Daktari hutafuta pa kujishikiza: kilichobaki cha kaakaa, mkanda wa kovu shavuni, vipembe vya ndani ya tundu ambavyo utomvu laini wa silikoni unaweza kuvikalia. Gundi ya meno husaidia kiasi. Suluhisho imara zaidi ni vipandikizi vya titani vinavyoingizwa kwenye mfupa, pengine virefu vinavyofika kwenye mfupa wa shavu. Mfupa uliopigwa mionzi hupokea vipandikizi kwa taabu zaidi, kwa hiyo uamuzi huo hupimwa mtu kwa mtu.

Kwa nini wasizibe tundu moja kwa moja kwa nyama ya sehemu nyingine ya mwili?

Hufanyika, na kwa baadhi ya watu ndiyo njia bora. Nyama, au mfupa mwembamba wa mguu ulio kando ya muundi pamoja na nyama yake, huhamishwa na mishipa yake ya damu ikaunganishwa shingoni. Tundu likifungwa hivyo, hakuna cha kutoa wala kuosha kila mlo. Gharama yake ni operesheni ya saa nyingi, jeraha la pili mwilini, na hatari ya nyama hiyo kufa. Tena nyama nene inaweza kuning’inia mdomoni ikakosesha meno ya bandia nafasi.

Kizibo kina sifa moja inayopendwa na madaktari wa saratani: ukikitoa, tundu lote laonekana kwa macho, na ugonjwa ukirudi huonekana mapema. Kwa maoni yangu, tundu dogo au la wastani lenye meno mazuri pembeni hunufaika na kizibo, na tundu kubwa kwa mtu asiye na meno lingefaa kuzungumziwa kwa upande wa kupandikiza. Ila anayekuona ndiye mwamuzi.

Usafi wake ukoje?

Kitoe baada ya kila mlo, kisugue kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, juu ya beseni lenye maji ili kikiponyoka kisivunjike. Dawa ya meno ya kawaida hukwaruza akriliki. Maji moto hukipinda. Dawa za kung’arisha nguo hula fremu ya chuma.

Tundu lenyewe lisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Hewa hukausha makamasi yakawa magaga. Yalainishe, usiyabandue kwa nguvu. Harufu inayoendelea baada ya usafi mzuri, au wekundu na madoa meupe chini ya bamba, mara nyingi ni fangasi. Hutibika, lakini kizibo nacho kitibiwe, la sivyo kinakurudishia.

Nilale nacho?

Miezi ya mwanzo, ndiyo, kwa kawaida. Jeraha bichi husinyaa upesi, na kizibo kilichokaa nje usiku kucha kinaweza kukataa kuingia asubuhi. Kikikataa usikilazimishe, nenda kliniki siku hiyohiyo. Ukiwa na cha kudumu na kovu limetulia, madaktari wengi hutaka fizi zipumzike usiku, kikae ndani ya maji. Fuata ulichoambiwa wewe.

Mionzi itaathiri nini?

Mate hukauka, utando huwa mwepesi kuchubuka, na meno huoza kwa kasi, hata yaliyokuwa mazima. Meno hayo ndiyo nanga za kizibo chako, kwa hiyo floridi, dawa ya kukinga meno yasioze, anayokuandikia daktari ya kila siku si hiari. Baada ya mionzi using’oe jino popote bila kumweleza daktari historia yako: mfupa uliopigwa mionzi unaweza kushindwa kupona na kufa. Kunywa maji mara kwa mara. Tumbaku na pombe ziachwe.

Nikienda kupigwa picha za MRI au kupewa dawa ya usingizi?

Sema mapema kwamba una kizibo. Hutolewa kabla.

Kipo cha maisha?

Hapana. Uso hubadilika, meno husogea, akriliki huchakaa. Kwa kawaida hukaa miaka michache kikirekebishwa katikati. Kile cha zamani kisitupwe, siku kipya kikivunjika kitakusitiri.

Kuna watu waliowahi kuendelea na kazi zao hivi?

Wapo tangu zamani. Daktari wa upasuaji Ambroise Paré wa Ufaransa alishaeleza vizibo vya kaakaa katika karne ya 16. Mfano maarufu ni Grover Cleveland, rais wa Marekani. Mwaka 1893 alikatwa uvimbe wa kaakaa kwa siri, ndani ya mashua, kwa kuwa nchi ilikuwa kwenye msukosuko wa fedha. Alitengenezewa kizibo cha mpira mgumu, akaendelea kuhutubia, na ukweli wote ulitolewa na mmoja wa madaktari wake mwaka 1917, Cleveland akiwa ameshafariki. Mfano wa pili hauna utamu huo. Sigmund Freud aliishi na kizibo tangu 1923 hadi kifo chake mwaka 1939. Kilimchubua, kilirekebishwa na kutengenezwa upya mara nyingi, na yeye alikiita zimwi. Katika miaka hiyo yote aliendelea kuandika na kupokea wagonjwa. Nawataja wote wawili kwa makusudi, kwa kuwa mgonjwa anayeahidiwa mambo ya Cleveland peke yake huvunjika moyo kikichubua mara ya kwanza.

Ni wakati gani nirudi bila kungojea miadi?

Kidonda chini ya kizibo kisichopona ndani ya wiki mbili. Damu inayorudiarudia kutoka tundani au puani. Kinyama au uvimbe mpya. Ganzi ya shavu au kuona vitu viwiliviwili. Mfupa unaochungulia. Kizibo kilichovunjika, hata kama vipande vinashikana. Usikigundishe kwa gundi ya dukani, maana kipande kikidondoka usingizini kinaweza kuingia kwenye njia ya pumzi. Njoo na vipande vyote, pamoja na kile cha zamani.